Dojo Yako ya Kwanza: Ushauri kwa Mwalimu Kijana

Kijana aliyepata mkanda mweusi akiamua kufungua dojo yake, kitu cha kwanza anachokimbilia ni jengo. Anazunguka mitaani akiuliza bei za fremu na kumbi, anachorewa nembo yenye joka, anachapisha fulana, kisha analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa sababu wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hawataki habari ya mwezi mmoja mmoja. Mwezi wa saba dojo imefungwa. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia watu wetu hawapendi mazoezi. Si kweli. Wanafunzi walikuwepo, ila hawakutosha kulipa kodi ya pili, na ni nadra dojo mpya kujaa ndani ya miezi sita.

Mimi humshauri aanze na ratiba, jengo lije mwisho kabisa. Siku zile zile, saa ile ile, mahali pale pale, na mwalimu yupo mvua inyeshe isinyeshe. Ukiweza kufanya hivyo mwaka mzima katika ukumbi wa kuazima, tayari una shule. Usipoweza, hata upewe jumba lenye vioo ukuta mzima, bado huna kitu.

Wakubwa wa fani hii walianza hivyo hivyo. Jigoro Kano, muasisi wa judo, alifungua Kodokan mwaka 1882 akiwa na umri wa miaka 21, mwaka mmoja tu baada ya kumaliza chuo kikuu. Jengo hakuwa nalo. Alipata nafasi katika hekalu la Wabudha la Eishoji mjini Tokyo, chumba cha mikeka 12 ya tatami, yaani kama mita za mraba 20, sebule ya nyumba ya kawaida. Mwaka ule wa kwanza alikuwa na wanafunzi tisa. Watu walipoangushwa sakafu ilitikisika hadi watawa wakalalamika. Riziki ya Kano ilitoka katika mshahara wa ualimu wa shule ya Gakushuin. Dojo haikumlisha, yeye ndiye aliyeilisha. Bruce Lee naye, ambaye picha yake imetundikwa katika saluni nyingi za kunyoa kuanzia Mombasa hadi Bukavu, alifungua shule yake Seattle mwaka 1963 akiwa hajatimiza miaka 23. Kabla ya hapo aliwahi kufundisha kwenye maegesho ya magari huku akihudumia meza katika mgahawa wa Ruby Chow.

Kwa hiyo kama unafanya kazi ya bodaboda, ualimu wa tempo, ulinzi au duka la simu, usiiache. Dojo inayotegemewa kulipa kodi ya chumba cha mwalimu tangu mwezi wa kwanza humfanya mwalimu awaogope wanafunzi. Anashindwa kumkemea mtoto mtundu kwa kuhofia mzazi atamtoa, na anagawa mikanda ili watu wasikate tamaa. Mwalimu wa namna hiyo hana uhuru wowote, ingawa ubao wa mlangoni una jina lake.

Kuaga nyumbani

Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, mwambie mwalimu wako. Nenda kwake nyumbani au mkute dojoni mapema kabla ya darasa, si kwa ujumbe wa simu, wala asisikie kwa watu. Mweleze unataka kufungua wapi na lini, na umwombe baraka zake. Usifungue mtaa ule ule alipo yeye. Usichukue wanafunzi wake. Wakikufuata wenyewe, warudishe wakaage kwanza. Kama mliachana kwa ugomvi, tafuta mtu mzima anayeheshimiwa na nyote wawili aende kusema kwa niaba yako, kama inavyofanyika katika posa. Mwalimu akikataa kabisa, angalau utakuwa umefanya la kwako, na watu watajua.

Kujitegemea hakuna maana ya kukata mizizi. Kano alipokwisha kufungua Kodokan, mwalimu wake wa mtindo wa Kito-ryu, Iikubo Tsunetoshi, aliendelea kufika pale hekaluni kufundisha. Kijana mwenye dojo yake bado alikuwa anaangushwa na mzee mbele ya wanafunzi wake mwenyewe, na hakuna aliyemdharau kwa hilo. Panga siku moja kila baada ya miezi mitatu umwalike mwalimu wako aendeshe darasa. Wazazi wakiona una mkubwa unayemsikiliza, watakuamini zaidi.

Hapo ndipo linapoingia suala la mikanda, ambalo limeua dojo nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Ukijitenga, nani atasaini vyeti? Katika taekwondo ile ya Olimpiki jibu liko wazi: vyeti vya dani hutolewa na Kukkiwon ya Seoul, na anayempendekeza mtahiniwa ni lazima awe na dani ya 4 au zaidi. Kama wewe una dani ya 1 au ya 2, unamhitaji mkubwa, upende usipende. Katika karate mambo yamegawanyika kwa mitindo na vyama, kwa hiyo amua mapema uko chini ya nani, na uwaambie wanafunzi kabla hawajalipa hata shilingi. Mikanda ya chini unaweza kutahini mwenyewe, lakini ita mtahini wa nje akae mezani. Gharama ya mtihani itajwe siku ya kujiandikisha, isiwe mzazi anashtukizwa wiki moja kabla.

Na usijipandishe dani. Kijana wa miaka 24 mwenye mistari mitano ya dhahabu kwenye mkanda anachekwa na kila anayeijua fani. Pia usiwe mtumwa wa rangi: dani za kwanza za judo Kano alizitoa mwaka 1883, kwa Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, na wakati huo mikanda ya rangi rangi haikuwepo. Hiyo ilienea baadaye sana huko Ulaya, hasa kupitia kwa Mikinosuke Kawaishi aliyefundisha Paris miaka ya 1930. Ukiona rangi nane na nusu rangi nane ni mzigo kwa wazazi wa mtaa wako, tumia chache, mradi chama chako kinaruhusu. Mila haitaanguka.

Mahali na saa

Anza na kumbi ambazo tayari zimejengwa na hukaa tupu jioni: madarasa na mabwalo ya shule, kumbi za makanisa, za serikali za mitaa, vituo vya vijana. Karate ya Goju-Ryu ya Dar es Salaam ilikulia katika Shule ya Zanaki, chini ya Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyeifundisha hapo miaka ya 1970, na wengi waliotoka pale walikwenda kufundisha wengine. Shule ina faida tatu: uzio, vyoo na mkuu wa shule anayejulikana na wazazi. Mwombe mkuu huyo kwa barua, eleza saa utakazotumia, ahidi kufagia kabla na baada, na ahidi kufundisha watoto kumi wa shule hiyo bure au kwa nusu ada. Walimu wakuu hupenda makubaliano yenye faida ambayo wanaweza kuyaeleza kwenye kamati ya shule. Yaandike, hata ukurasa mmoja, na nyote wawili mtie saini, maana mkuu akihamishwa makubaliano ya mdomo huondoka naye.

Pima eneo kwa hatua kabla ya kukubali. Kila mtu mzima anayefanya mazoezi anahitaji kama mita nne za mraba ili asimpige mwenzake. Ukumbi wa mita 8 kwa 10 basi unabeba watu 20, na nguzo zikiwa katikati idadi inashuka. Tazama sakafu. Simenti tupu inafaa kwa kata, ngumi za hewani na mateke ya chini, lakini si kwa kuangushana. Kabla hujapata mikeka, mieleka yote iishe kwenye kuvunja mizani ya mwenzio bila kumtupa. Mikeka ya sponji ya mita moja kwa moja, ile inayoungana kwa meno, inatosha kwa karate na taekwondo ikiwa na unene wa sentimita 2 hadi 2.5, kwa judo tafuta sentimita 4 na kuendelea. Nunua michache kila mwezi. Mikeka 12 ilimtosha Kano.

Saa zako zifuate maisha ya watu. Pwani na visiwani watoto wana madrasa baada ya shule, na magharibi haisubiri mtu. Darasa la watoto la saa 10:30 hadi 11:30 jioni linawawezesha kufika nyumbani mapema, na la watu wazima lianze baada ya swala, tuseme saa 1:15 usiku, mradi ukumbi una taa na njia ya kurudi ni salama. Jumamosi asubuhi ni dhahabu. Jumapili iache mpaka ujue makanisa ya jirani yanatoka saa ngapi. Mwezi wa Ramadhani punguza makali au hamishia darasa usiku baada ya tarawehe, lakini usifunge kabisa, kwa sababu darasa likifungwa mwezi mzima wengi hawarudi.

Tegemea pia kuyumba kwa mwaka wenyewe. Januari wazazi wanalipa ada za shule na sare, na ada yako ndiyo ya kwanza kukatwa. Masika, Machi hadi Mei, njia zinajaa maji na bati linapiga kelele hadi sauti yako haisikiki. Watoto wa darasa la saba na kidato cha nne wanapotea kabla ya mitihani yao. Hayo yote yanajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo usiyachukulie kama msiba. Panga akiba ya miezi ya neema, Juni hadi Agosti, ije ibebe Januari.

Karatasi

Hapa nitapita haraka. Tanzania Bara, klabu za michezo zinasajiliwa kupitia Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mlango wako wa kwanza ni afisa michezo wa wilaya. Zanzibar ina baraza lake. Kenya kuna Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Ukitaka kuendesha dojo kama biashara badala ya klabu, utasajili jina, utachukua namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri au ya kaunti. Uliza kwanza ipi inakufaa, kwa sababu klabu inadai katiba, viongozi na mikutano, na kijana anayetaka uamuzi uwe wake anaweza kujikuta amepigiwa kura ya kuondolewa katika dojo aliyoianzisha mwenyewe. Yameshatokea.

Hata kabla ya usajili, jitambulishe kwa mtendaji wa mtaa na kwa polisi wa kata. Vijana ishirini wanaopiga kelele kwa pamoja ndani ya ukumbi uliofungwa huzua maneno, na ni bora maneno hayo yamkute mtendaji akiwa na nakala ya barua yako mezani. Katika msimu wa uchaguzi atakuja mtu mwenye gari zuri kukuomba vijana wa ulinzi wa mikutano. Kataa, kwa adabu, bila kujali ni wa chama gani. Siku dojo yako ikihusishwa na kundi la siasa, nusu ya wazazi watawatoa watoto wao na hutawapata tena.

Watoto wa watu

Usidanganywe na ndoto ya kulea mabingwa wa watu wazima. Dojo za mitaani zinaendeshwa kwa ada za watoto wa miaka 6 hadi 14, na kwa hiyo kazi yako halisi ni kulinda watoto wa watu saa tatu au nne kwa wiki. Mzazi hajui kutofautisha kata iliyokamilika na iliyolegea. Anachojua ni kama mtoto amerudi salama, kama anamwamkia bibi yake vizuri zaidi kuliko zamani, na kama anauliza siku ya mazoezi ni lini.

Weka benchi la wazazi ndani ya ukumbi, mahali wanapoona kila kitu. Mlango uwe wazi darasa likiendelea. Usibaki peke yako na mtoto mmoja, si ukumbini, si kwenye gari, si kwenye pikipiki. Mzazi akichelewa, subirini nje mbele za watu, wewe, msaidizi na mtoto. Watoto wabadili nguo nyumbani au chooni mmoja mmoja. Ukitaka kurekebisha nyonga au bega la mwanafunzi, sema kwanza unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, na kwa wasichana wakubwa tumia msaidizi wa kike au mwonyeshe kwa mfano wa mwili wako. Mawasiliano yote yapitie kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, si kwa mtoto mwenyewe. Picha za watoto usizitundike mtandaoni bila idhini ya maandishi. Kanuni hizi zinamlinda mtoto, na zinakulinda wewe kijana ambaye hujaoa na ambaye mtaa mzima unakutazama.

Fimbo hapana. Najua dojo nyingi za zamani ziliendeshwa kwa mianzi mgongoni, na waliopita humo wanajisifu nayo hadi leo. Waache wajisifu. Mtoto mtundu mpe kukaa kando dakika tano atazame wenzake wakicheza, au mpe kazi ya kuhesabu kwa sauti. Pushapu kumi si mbaya, mia ni ukatili.

Fomu ya kujiandikisha iulize mambo machache lakini ya kweli: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba mbili za simu za walezi, na kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo. Mwenye pumu kipulizo chake kikae pembeni ya mkeka, si ndani ya begi lililo kwenye bodaboda. Mwenye selimundu asikimbizwe hadi achoke kabisa, anywe maji mengi, na mzazi alete ushauri wa daktari kwanza. Kuna imani ya zamani kwamba kumnyima mwanafunzi maji kunamkomaza. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, imani hiyo inaweza kuua. Mapumziko ya maji kila dakika 20, bila mtu kuomba ruhusa.

Mtoto asipigwe kichwani, kwisha. Akianguka vibaya au akagongwa kichwa kwa bahati mbaya, kisha akalalamika kizunguzungu, kuumwa kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa, hachezi tena siku hiyo hata akilia kwamba amepona. Mpigie mzazi na aende hospitali. Jua hospitali iliyo karibu na nani ana gari. Jifunze huduma ya kwanza; Msalaba Mwekundu wanafundisha. Sanduku lako liwe na bendeji, glavu, dawa ya kusafishia kidonda na pakiti za barafu, na si chupa ya dawa ya kuchua peke yake kama ninavyoona kila mahali.

Wazazi watakuuliza maswali ya dini. Mmoja atataka kujua kwa nini mtoto wake anainama mbele ya picha ya mzee wa Kijapani. Usikasirike. Mweleze kwamba ile ni salamu kati ya watu. Na kama bado ana wasiwasi, mruhusu mtoto aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo kwa mwenzake, na ile picha uiondoe. Hijabu inaruhusiwa hata katika mashindano ya kimataifa ya karate na taekwondo, kwa hiyo hakuna sababu ya wewe kuwa mkali kuliko mashirikisho yenyewe. Tenga darasa moja la wanawake na wasichana kwa wiki, ukiweza lifundishwe na mwanamke. Kuna akina mama wengi ambao hawataingia darasa la mchanganyiko lakini wako tayari kulipa mapema kwa la kwao.

Umri wako, na waliokuzidi

Utakuja kupata wanafunzi wenye umri wa baba yako. Nje ya mkeka mpe shikamoo yake kwanza, kama ulivyolelewa. Ndani ya mkeka atakuita sensei na utamrekebisha miguu kama wengine, bila kumpigia kelele. Wengi wa umri huo hawataki kupigana. Wanataka kiuno kiwe laini na shinikizo la damu lishuke, wamtii daktari aliyewaambia wafanye mazoezi. Wape hivyo. Mzee mmoja anayefurahia darasa lako atakuletea wajukuu watatu.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema utamuuliza mwalimu wako, kisha kweli umuulize. Kijana anayejua kila kitu huogopesha. Na usiwaahidi watu kwamba baada ya miezi mitatu watamnyang'anya kibaka panga. Wafundishe kuona hatari mapema, kupaza sauti, kukimbia, na kumpa mwenye panga simu anayoitaka. Teke la juu kwenye barabara ya vumbi usiku ni kifo cha mapema.

Fedha

Tuchukue mfano wa kukisia. Una wanafunzi 25, ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 625,000, lakini tuseme waliolipa kweli mpaka mwisho wa mwezi ni 20, yaani 500,000. Ukumbi, madarasa 12 kwa 10,000, ni 120,000. Nauli na posho ya msaidizi 60,000. Dawa, chapa, vocha na matengenezo 50,000. Akiba ya mikeka na ya Januari 70,000. Umebaki na 200,000. Ni fedha halali na ni nzuri kama nyongeza, lakini haimtoshi mtu mwenye chumba cha kupanga na wazazi kijijini. Ndiyo maana nasema kazi yako usiiache. Piga hesabu zako mwenyewe kwa bei za mtaa wako, na kama ukumbi unakula zaidi ya theluthi ya kile kinacholipwa kweli, tafuta mwingine.

Toza kwa mwezi, si kwa siku. Anayelipa kwa siku huja siku anayojisikia, na darasa lako halitajulikana lina watu wangapi. Ada iingie kabla ya tarehe 5, kwenye namba ya malipo ya dojo, si kwenye simu yako ya kila siku ambapo inachanganyika na fedha ya luku na ya mchumba. Andika daftari, utume risiti. Anayechelewa kulipa usimtaje mbele ya wenzake, zungumza na mzazi pembeni. Ukiwa na watoto wasio na uwezo, chukua kadiri unavyoweza kubeba, wapewe kazi ndogo kama kupanga mikeka, na wanafunzi wengine wasijue nani halipi.

Nguo nyeupe zisiwe sharti mwezi wa kwanza. Fulana na suruali ya mazoezi inatosha. Wengi wanaoacha huacha wiki za mwanzo, na mzazi aliyenunua gi ya bei kubwa kisha mtoto akaacha atakusema vibaya sokoni.

Kuwafanya wabaki

Kila siku nenda na darasa lililoandikwa. Dakika 10 za kupasha mwili, 15 za mbinu za msingi, 20 za jambo moja jipya, 10 za mchezo au mapambano mepesi, 5 za kutulia na kuagana. Mwalimu kijana ana ugonjwa wa kufundisha anachokipenda yeye, na wenye mkanda mweupe wanatazama teke la kuzunguka ambalo hawatalifikia kabla ya mwaka. Chapisha mtaala wa kila mkanda ukurasa mmoja na umpe kila mwanafunzi, ili ajue anachotakiwa kujua, na asidhani mkanda unatokana na upendeleo wako.

Jua majina yote kufikia wiki ya pili. Mwanafunzi akikosa madarasa mawili mfululizo, piga simu nyumbani siku hiyo hiyo, usisubiri mwezi uishe. Simu ya dakika moja, "mama habari za nyumbani, leo hatukumwona Asha", imeokoa wanafunzi wengi kuliko tangazo lolote la kulipia. Ukihitaji kujitangaza, omba dakika 15 katika siku ya michezo ya shule, na badala ya kuvunja matofali, waonyeshe watoto wako kumi wakisimama mstari ulionyooka na kufuata amri moja kwa pamoja. Vijana watakuambia matofali ni bora. Vijana hawalipi ada.

Tangu mwezi wa kwanza anza kumlea msaidizi, na si lazima awe yule mwenye mateke ya juu. Chagua anayewahi kufika na anayependwa na wadogo. Bruce Lee alipohamia Oakland mwaka 1964, shule ya Seattle haikufa, kwa sababu Taky Kimura, mwanafunzi wake aliyemzidi umri kwa miaka 16, alibaki anaifundisha. Wewe nawe utaugua malaria, utafiwa, utaitwa kwenye kazi ya mkoani, na darasa la Jumanne litatakiwa lifanyike saa ile ile.

Ukishakuwa na wasaidizi wawili wanaoweza kuendesha darasa bila wewe, wanafunzi 40 wanaolipa kwa wakati, na akiba ya kodi ya miezi sita ambayo hukuigusa Januari, hapo sasa katafute jengo. Omba mkataba wa mwaka unaolipwa kwa miezi mitatu mitatu. Wapo wenye nyumba wanaokubali, hasa fremu ikiwa imekaa muda mrefu bila mpangaji.